Usijieleze Mlangoni, Dina

Dina mwanangu,

Kosa wanalofanya watu wengi wakifika mahali pageni ni kuanza kujieleza kabla hawajaketi. Wanasimama mlangoni wakisimulia wametoka wapi, wazazi wao ni nani, na kwa nini wana haki ya kuwa pale. Wanadhani wakimaliza ndipo watakaribishwa. Mimi nimelifanya kosa hilo mara nyingi, na mwezi wa nne mwaka huu nililifanya kwa niaba yako, mbele ya watu, wewe umesimama pembeni yangu masikio yanakuwaka kwa aibu.

Najua hapo utacheka, au utaguna. Mama yako ni mwalimu wa baiolojia, na baba yako husema mtu akiniuliza chumvi iko wapi, mimi huanza na bahari. Basi nivumilie mara hii moja. Ni Alhamisi alasiri, nimekaa kwenye meza ya jikoni hapa Germantown. Wewe na baba yako mmekwenda Rockville kutafuta taa ya mezani, na kwa kuwa baba yako hanunui taa kabla hajamwuliza muuzaji maswali ya kihandisi, nina muda wa kutosha. Nitaiweka barua hii katikati ya mashuka. Kesho Ijumaa, ukitandika kitanda chako kipya huko chuoni, utaikuta.

Habari za kufua nguo na kulala mapema sitaandika. Unazijua, na usizozijua utamwuliza mwenzako wa chumbani. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha darasani, kinasimama wima mno. Wewe tangu uanze shule hunijibu kwa Kiingereza na nimezoea, lakini kusikia unasikia vizuri, na kusoma nilikufundisha mwenyewe. Neno likikushinda, lisome kwa sauti.

Turudi kwenye ile siku ya wanafunzi wapya. Vyama vyote vya chuo vilikuwa vimepanga meza uwanjani, na sisi tulikuwa tunapita moja baada ya nyingine. Tulipofika kwenye meza ya wanafunzi Wayahudi, yule kijana mwenye kofia ndogo ya kufuma alikuwa anagawa biskuti na matangazo ya chakula cha Ijumaa jioni. Akampa msichana aliyekutangulia. Kisha akakutazama wewe, akatabasamu kwa adabu kabisa, akanyoosha mkono.

"Meza ya wanafunzi wa Afrika ni ile pale, karibu na ngazi."

Ulifungua mdomo. Nakumbuka vizuri kwamba ulifungua mdomo, maana ndilo jambo linaloniuma. Hukupata nafasi. Mimi nilikuwa nimeshaanza: huyu ni Myahudi, amezaliwa Myahudi, maana mimi mama yake niliingia dini kabla hajazaliwa, mbele ya marabi, baada ya kusoma kwa muda mrefu, baba yake ni mtu wa Baltimore, na yeye binti mwenyewe alisoma Torati mbele ya sinagogi nzima, na hakukosea hata neno. Kijana wa watu akawa mwekundu kama nyanya. "Samahani mama, samahani sana," alisema, na mimi sikunyamaza. Nadhani nilifika mpaka Muheza kwa babu yako ndipo ukanivuta mkono.

Ukaenda kwenye ile meza nyingine, pengine kwa kunikimbia tu. Pale yule kijana Mkenya akakuchangamkia, "Sasa! Wewe ni wa wapi, msupa?" Ukamjibu kwa Kiingereza. Akawageukia wenzake: "Ah, huyu ni wa hapa hapa bana!" Wakacheka, nawe ukacheka kidogo. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kueleza pale nako.

Kwenye gari ulitazama dirishani mpaka tukatoka barabara kuu ya Beltway. Nikakuuliza kama una njaa. "Mama," ukasema, "endesha tu."

Jumanne ya wiki hii nilikuuliza Ijumaa utakula wapi. Ukasema, "Chumbani." Nikaanza: kuna ile nyumba ya wanafunzi, nyuma ya maegesho, wanawasha mishumaa ya Sabato, wana kuku... "Mama. Chumbani." Mlango ukafungwa, taratibu, ambayo kwako ni mbaya kuliko kuubamiza.

Nilidhani bado una hasira na yule kijana wa biskuti. Jana baba yako, mikono ikiwa kwenye povu la vyombo, akaniambia, "Dina alishamsahau yule kijana siku ile ile. Anachoogopa ni kwamba kila mlango atakaoingia itabidi ile hotuba isomwe tena."

Hotuba yangu. Nilikwenda kukaa bustanini kidogo.

Kwa hiyo leo sikuelezi wewe kwa mtu mwingine. Nataka kujieleza mimi, kwako, kwa sababu chakula cha Ijumaa cha chumbani nakijua. Nilikula hicho kipupwe kizima.

Nilikuja nchi hii kusomea ualimu wa sayansi, kwenye chuo kingine, siyo hicho chako, na mwenzangu wa chumbani alikuwa Sheli, msichana wa New York aliyesema haraka kuliko mtangazaji wa mpira. Sikuwa Myahudi wala sikuwa na mpango huo. Nilikuwa binti wa mwalimu Mwanglikana, mwenye masweta mawili. Ijumaa moja Sheli akasema, "Njoo tule kwa Wayahudi, wana kuku na kelele." Kwetu huendi kula kwa watu mikono mitupu, basi nikapika. Tulikuwa na jiko dogo la umeme ambalo halikuruhusiwa bwenini. Nikanunua siagi, nikaichemsha mpaka ikawa samli, nikapika pilau la nyama la kutosha watu ishirini. Nikaifunika sufuria kwa kanga, nikaibeba mpaka ile nyumba ya matofali yenye baraza mbele.

Mlangoni alisimama Hershi, mwanafunzi mwenye ndevu nyekundu aliyekuwa msimamizi wa jiko.

"Karibu! Hicho ni nini?"

"Pilau. Chakula cha kwetu cha siku kubwa."

"Kina nyama?"

"Nyama tele."

"Na hicho kinachonukia vizuri namna hiyo?"

"Samli," nikasema kwa majivuno.

Nikamweleza samli ni nini. Tabasamu likamtoka polepole. "Samahani, dada. Haiwezi kuingia humu."

Wewe hilo unalijua tangu utotoni, lakini mimi wakati ule sikulijua. Nilijua Waislamu wa kwetu wana halali yao, nikadhani nikiepuka nguruwe nimemaliza. Sikujua kwamba katika jiko la Kiyahudi nyama na maziwa havikutani hata kwenye kijiko, na samli ni mtoto wa maziwa, na sufuria yangu yenyewe, pamoja na nyama ya dukani isiyochinjwa kwa kanuni zao, ilikuwa imeshakosa sifa kabla sijamimina mchele.

Mtu mwenye busara angeuliza, "Basi nifanyeje?" Mimi nikajieleza. Nilimweleza Hershi jinsi maziwa yanavyochujwa na moto, kwamba kwa sayansi kilichobaki ni mafuta matupu, kwamba mama yangu ni msafi, kwamba nyumbani padri hula chakula hicho hicho. Nilieleza mpaka watu wakapanga foleni nyuma yangu kwenye ngazi za baraza. Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Nimekuelewa kabisa. Na bado haiwezi kuingia."

Sheli akapiga kelele kutoka ndani, "Iache barazani, uingie ule kuku!"

"Chakula changu kikilala nje, na mimi nalala nje," nikasema, nikageuka na sufuria yangu.

Kwetu, mtu akikuletea chakula unapokea hata kama umeshiba. Unapokea, unashukuru, akiondoka unawagawia majirani. Kukataa chakula cha mtu ni kumkataa yeye na mama yake aliyemfundisha kupika. Kwa hiyo sikusikia kanuni ya jiko. Nilisikia kwamba mtu mweusi kaambiwa haingii. Wakati ule yalikuwepo mengi ya kunifanya nisikie hivyo, na hata leo yapo, sitakudanganya. Lakini siku ile halikuwa hilo, na mimi sikukaa pale muda wa kutosha kujua tofauti. Pilau lile nililila peke yangu wiki nzima. Siku ya nne lilikuwa limechacha, nikaendelea kula.

Kila Ijumaa Sheli alivaa koti akaenda, nami nikabaki. Nilijiambia nina masomo, na kweli niliyasoma. Nilipata alama nzuri sana mwaka ule, Dina. Jioni nilisikia vicheko vyao wakirudi, nikazima taa wadhani nimelala. Hakuna aliyenitesa. Ni mimi nilikuwa nangoja aje mtu kugonga, aniambie, "Tumefikiri upya, ulieleza vizuri." Mtu huyo hayupo. Watu wale hawakuwa wabaya. Walikuwa wanafunzi, walikuwa na mitihani, wengine wamepatana wengine wameachana. Hawakunikataa wala hawakunikumbuka. Mimi nilidhani nyumba nzima inanijadili.

Nilirudi kwa sababu Sheli aliugua mafua. Ilikuwa Ijumaa ya baridi kali, sauti imemkauka, akanyoosha kidole kutoka chini ya blanketi.

"Leo zamu yangu ya jikoni. Nenda badala yangu."

"Mimi? Walinifukuza."

"Nani alikufukuza, wewe punguani? Walifukuza sufuria." Akakohoa. "Nenda bwana. Vitunguu haviulizi wewe ni nani."

Nikaenda kwa ajili yake. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kueleza kwa nini nilipotea, na yalikuwa yamepangika vizuri, yana utangulizi. Nikaingia kwa mlango wa nyuma. Hershi alikuwa mbele ya jiko, jasho linamtoka, na unajua mwenyewe kwamba jua likishazama Ijumaa hakuna tena kuwasha moto wala kupika, kwa hiyo saa za alasiri jiko la Kiyahudi ni kama chumba cha wagonjwa mahututi. Nikafungua mdomo. Akanipa kisu chenye utepe mwekundu kwenye mpini, alama ya vyombo vya nyama, akasukuma gunia la vitunguu kwa mguu.

"Vyote hivi. Jua halitusubiri."

Nikameza utangulizi wangu, nikaanza kukata. Msichana aliyekuwa akikata pembeni yangu akauliza, "Wewe ni wa wapi?" Nikasema, "Tanzania. Vitunguu vya huku vina hasira." Akacheka mpaka akaweka kisu chini. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu lote, sentensi mbili, mimi ambaye huanza na bahari. Machozi yalikuwa yananitoka, na kwa bahati nzuri kila mtu mle ndani alikuwa analia.

Baadaye wakanipa unga. Mikate yao ya Sabato husukwa, kama ujuavyo, na walikuwa wanaisuka kwa shida, vidole vinagongana. Mimi nimewasuka nywele wadogo zangu wanne. Nikasuka mkate wa kwanza, wa pili, nikajaribu na mtindo wa mistari, wakasogea kutazama. "Hebu rudia," akasema mmoja. Hakuna aliyeniuliza nimepata wapi haki ya kusuka mkate wa Wayahudi. Walitaka tu nipunguze mwendo waone.

Wakati wa kuosha mikono Hershi akaja.

"Ule wali wako. Ni lazima uwe na samli?"

"Mama yangu angesema ni lazima."

"Mama yako yupo hapa?"

"Hayupo."

"Basi."

Ijumaa iliyofuata nilipika pilau kwenye sufuria zao, kwa nyama yao na mafuta ya mahindi. Ladha ilipungua kidogo, sitakuficha, na marehemu bibi yako hakuambiwa kamwe. Wakalila mpaka ukoko.

Usidhani baada ya hapo sikukosea. Kosa langu zuri kuliko yote ndilo lililokuleta duniani. Majira ya mapukutiko yaliyofuata, wanafunzi walijenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda nyuma ya nyumba, cha kula ndani yake wiki nzima. Wakaomba wa kuezeka. Mimi nimekulia Muheza, nikajitolea. Nikachukua mabua ya mahindi na matete, nikaezeka kwa safu, kila safu imelalia nyenzake, imefungwa, hata tone lisipite. Nilijivunia. Asubuhi nikamkuta kijana mrefu mwenye miwani juu ya ngazi anang'oa.

"Nani kaezeka hivi?" alipiga kelele. "Katufungia Mungu nje!"

"Ni mimi," nikasema. "Kwetu paa linalovuja ni aibu."

"Kwetu paa lisilovuja ni batili. Lazima uzione nyota."

"Sasa mvua ikinyesha?"

"Tunalowa," akasema baba yako, "na tunalalamika. Ndiyo ibada yenyewe."

Nikamshikia ngazi. Uone, mara ile sikueleza kitu. Nilishika ngazi, naye akaniuliza habari za makuti, nikamjibu, akauliza tena, na mpaka leo hajamaliza kuuliza. Kuingia dini kulikuja miaka baadaye, kwa sababu zangu mwenyewe, na hizo nitakusimulia siku utakayotaka, siyo kabla.

Nimeyafikiria haya wiki nzima na nimeona jambo moja. Kueleza si ubaya. Ubaya ni kueleza kama ushuru wa kuingilia. Ukieleza mlangoni, yule anayesikiliza anageuka hakimu hata kama hakutaka, na wewe unageuka mshtakiwa. Ukieleza habari zile zile huku mnakata vitunguu, ni mazungumzo tu. Naye atakueleza za kwake, na utashangaa. Msichana yule wa vitunguu, baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Hershi mwenyewe alikua anakula kila kitu, na wazazi wake walikuwa wakimcheka kwa sufuria zake mbilimbili. Katika nyumba ile wengine walikuja kusali, wengine kubishana habari za Israeli, wengine walifuata kuku, na mmoja alifuata dada wa mwenzake. Karibu kila mmoja wao alidhani wenzake ndio wenyeji.

Hata sasa kwenye sinagogi yetu kuna mtu huniuliza mlangoni kama nimemleta mtoto wa mwajiri wangu, akidhani mimi ni yaya. Umewahi kusikia, na umewahi kuniona nikipandisha sauti. Sikukufundisha vizuri pale. Nilikufundisha kwamba swali la kijinga linastahili jibu refu. Linastahili jina lako, na ukipenda, habari za asubuhi.

Wala sikwambii uchague meza. Ile ya karibu na ngazi nayo ni yako. Yule Mkenya alikuwa anakutania, na mtu hamtanii asiyetaka arudi. Nenda, mjibu kwa Kiswahili kibovu, wacha wacheke, ucheke nao. Ukirudi na Sheng' utanifundisha.

Usiende kwenye ile nyumba ya nyuma ya maegesho kwa ajili yangu pia. Ukienda kunifurahisha utakuwa umenibeba tena mimi na hotuba yangu. Ukikaa Ijumaa mbili tatu ukaona hapakufai, acha, ni uamuzi wako na nitauheshimu. Ninachokiogopa ni kuamua kwa sababu ya mlango ambao hukuufungua, maana Ijumaa ya kwanza ukila chumbani, ya pili inakuwa nzito zaidi, na ya tatu una masomo. Jumapili ukipiga simu sitakuuliza ulikula wapi. Nitauma ulimi, baba yako atanishikia ikibidi.

Nasikia gari. Baba yako anafunga mlango kwa nguvu, nadhani taa imepatikana. Wewe unacheka kitu alichosema. Wacha nimalize nikunje mashuka kabla hujaingia ukaniona.

Unaisoma hii Ijumaa, kwa hiyo jambo la kufanya ni moja. Leo saa tisa alasiri, kabla wageni hawajafika, nenda kwenye nyumba ile nyuma ya maegesho, ingia kwa mlango wa jikoni, sema unaitwa Dina, na uombe kazi.